Matunzo ya Mtoto si Sadaka, ni Deni

Liko neno moja ambalo twalisikia mara nyingi vinywani mwa wanaume waliotengana na mama wa watoto wao. Husema: "Mimi namsaidia yule mwanamke." Mtu akituma fedha mwezi mmoja na kuacha mitatu, ajiona ametenda wema, na rafiki zake humsifu kuwa ana moyo. Neno hilo ndilo twataka kulipima leo, maana limebeba kosa kubwa. Anayemlisha mtoto wake hamsaidii mtu, alipa deni. Na deni hilo ni zito kuliko madeni mengine, kwa kuwa mwenye kudai ni mdogo, hawezi kujitetea mbele ya wakubwa, na njaa yake haingojei mwisho wa mwezi.

Bwana Wetu alipotaka kuwaonyesha watu wema wa Baba aliye mbinguni, alianza na jambo ambalo kila msikilizaji alilijua: baba hampi jiwe mtoto anayeomba mkate. Hakuona haja ya kulithibitisha. Hata wakosefu walilikubali. Mtume Paulo naye, akimwandikia Timoteo, alimweka mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake chini kuliko mpagani. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1136, yawatwika wazazi wajibu mzito sana wa kuwalea watoto wao mwili na roho, kadiri ya nguvu zao zote. Kanuni hiyo haisemi kwamba wajibu huo hudumu maadamu baba na mama wapendana. Upendo wa wakubwa waweza kupoa. Tumbo la mtoto halijui habari hiyo.

Serikali yetu nayo imelitambua jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humtaka mwanamume awape watoto wake malazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake, wawe wanakaa kwake au kwa mtu mwingine. Baba akiwa amefariki, au hajulikani alipo, au hana uwezo, wajibu humwangukia mama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza nguvu: inawagusa watoto wote wa Tanzania Bara, waliozaliwa ndani ya ndoa na nje ya ndoa. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto ya mwaka 2011.

Wazee watakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliongozwa na sheria ya wakati wa Waingereza, ambayo ilimruhusu hakimu kumwamuru baba alipe, lakini isizidi shilingi 100 kwa mwezi. Shilingi 100 zilikuwa na maana hapo zamani. Miaka ikapita, bei zikapanda, fedha ikapungua thamani, na kiwango kile kikabaki pale pale mpaka sheria hiyo ilipofutwa mwaka 2009, wakati shilingi 100 hazikutosha hata mkate mmoja. Hivyo mama aliweza kushinda shauri na kurudi nyumbani mikono mitupu. Haki ya namna hiyo ni haki ya karatasi.

Tena tusidhani kwamba sheria ya kumlinda mtoto hudumu yenyewe. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na sheria ya mwaka 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto mahakamani. Wako waliopiga kelele kwamba wasichana wanaitumia kujitajirisha, na mwaka 1969 Bunge likaifuta. Ilipita miaka mingi mpaka Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, iliposema wazi kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Katika miaka ile yote watoto hawakuacha kuzaliwa, wala hawakuacha kula.

Basi, shauri la matunzo huendeshwaje hapa kwetu? Yafaa kila nyumba ya Kikristo ijue, maana wengi huteseka kwa kutojua. Maombi hupelekwa katika Mahakama ya Watoto. Aweza kuyapeleka mama au baba anayeishi na mtoto, mlezi wake, ndugu, au Afisa Ustawi wa Jamii; hata mtoto mwenyewe aweza kuomba kwa kupitia mtu mzima anayemsimamia. Mtu akikana kwamba yeye si baba, mahakama hutazama ushahidi: jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyomfanyia mtoto, maneno aliyoyasema mbele ya watu kwamba huyu ni wangu, na ikibidi huamuru vipimo vya vinasaba. Hivyo cheti cha kuzaliwa, ambacho wengi hukitafuta siku ya kuandikisha shule tu, ni ngao ya mtoto tangu siku za kwanza.

Hakimu hakati kiasi cha matunzo kwa kubahatisha. Sheria humtaka atazame mapato na mali ya wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Aweza kuagiza Afisa Ustawi wa Jamii aende akachunguze hali ya nyumba na kuleta taarifa. Kwa hiyo hakuna kiwango kimoja kwa watu wote. Mvuvi na mhasibu hawapimwi kwa kipimo kimoja, na mama mwenye kipato naye huhesabiwa fungu lake. Amri hiyo hudumu mpaka mtoto atimize miaka 18, na mahakama yaweza kuiendeleza kama bado yuko masomoni.

Lakini amri ya mahakama haipikiki. Wako akina mama wengi wenye hukumu nzuri iliyokunjwa ndani ya sanduku, na hawajaona hata senti moja. Hapo ndipo kazi ya pili inapoanza, nayo ni kuikazia hukumu. Mdai hana budi kurudi mahakamani na kueleza kwamba mdaiwa hakulipa, akionyesha miezi iliyopita na kiasi kilicholimbikizwa. Mdaiwa huitwa ajieleze. Hapo mahakama hutenganisha watu wawili wasiofanana: yule asiyeweza na yule asiyetaka. Asiyeweza husikilizwa. Asiyetaka hushurutishwa.

Njia za kumshurutisha ni kadhaa. Iliyo nyepesi ni kumwamuru mwajiri akate sehemu ya mshahara kabla haujafika mkononi mwa mdaiwa, na fedha hiyo ipelekwe kwa mtoto. Nyingine ni kukamata mali yake na kuiuza kwa dalali wa mahakama. Hata hivyo sheria si katili: kwa desturi ya mashauri ya madai haimnyang'anyi mtu nguo za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko, wala jembe la mkulima au zana za fundi, maana aliyenyang'anywa jembe atalipa kwa nini kesho? Njia iliyo ngumu kuliko zote ni kumweka mdaiwa mkaidi gerezani kama mfungwa wa madai. Lakini hapo mara nyingi anayedai ndiye hutakiwa kutoa fedha ya kumlisha mfungwa huyo, jambo ambalo mama maskini halimudu. Na mfungwa akitoka, deni lake halikufutika. Tena Sheria ya Mtoto yasema kwamba kuukiuka wajibu wa kumtunza mtoto ni kosa la jinai, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Mwaona, basi, kwamba mkono wa mahakama ni mrefu, lakini hauwezi kufika kila mahali. Wamfikia mwalimu, karani, askari na mfanyakazi wa kiwanda, kwa sababu mshahara wao waandikwa. Lakini walio wengi kati yetu hawana hati ya mshahara. Baba ni mkulima, au mvuvi, au dereva wa bodaboda, au mchimbaji wa dhahabu. Leo yuko Geita, kesho asikika Chunya. Ng'ombe wake wameandikwa jina la kaka yake, na pikipiki yasemekana ni ya rafiki. Hakimu atamkamata nani? Dalali atauza nini? Karani atapeleka wito katika nyumba ambayo kila mtu humo asema kwa uso mkavu kwamba huyo bwana hajaonekana tangu mwaka jana.

Hapa ndipo neno letu la leo linapowageukia wasomaji wetu wote, wala si wadaiwa peke yao. Ni nani huwaficha akina baba hawa? Si wageni. Ni mama yake mzazi, asiyetaka kusikia mwanawe akitajwa mahakamani. Ni kaka yake, anayekubali ng'ombe waitwe wake. Ni mwajiri, anayemlipa nje ya kitabu ili asikatwe. Ni rafiki wa kunywa naye, ambaye humwambia kwamba mwanamume hashindwi na karatasi. Ni mwenyekiti wa mtaa ajuaye alipo, naye hunyamaza. Wengi wa hao huonekana kanisani Jumapili. Imani yetu hutufundisha kwamba mtu hushiriki dhambi ya mwingine si kwa kuitenda tu, bali hata kwa kushauri, kwa kusifu, kwa kunyamaza palipompasa kusema, na kwa kumhifadhi mkosaji. Basi anayemficha baba asionekane mahakamani ajue kwamba ameondoa sahani mbele ya mtoto. Na bibi anayemficha mwanawe akumbuke kwamba mtoto anayelala njaa ni mjukuu wake, damu yake mwenyewe.

Twasema jambo hili wazi kwa sababu jingine tena latuumiza. Katika parokia zetu wako wanaume wanaosifiwa kwa ukarimu wao. Kukiwa na mchango wa mabati, wao ni wa kwanza. Kukiwa na harusi, hukaa meza ya mbele. Majina yao husomwa na watu hupiga makofi. Wakati huo huo, katika mtaa wa pili, mtoto wao amerudishwa nyumbani kwa kukosa sare. Bwana Wetu aliwakuta watu wa namna hii. Walisema kwamba mali iliyowapasa wazazi wao wazee wameitolea Hekalu, kwa hiyo hawana la kuwapa tena. Yesu hakuisifu ibada yao. Alisema kwamba kwa desturi yao wameivunja amri ya Mungu. Ikiwa sadaka haikuweza kufuta deni la mtoto kwa mzazi, haiwezi kufuta deni la mzazi kwa mtoto. Bati lililonunuliwa kwa chakula cha mtoto halimfuniki Mungu kwa furaha.

Na tena, hili ni jambo la kitubio. Katika amri ya saba twafundishwa kwamba aliyechukua kilicho cha mwenziwe hana budi kukirudisha kadiri awezavyo, na kwamba kujuta bila nia ya kurudisha si majuto kamili. Twakubali hayo upesi tunaposema habari za mwizi wa kuku. Je, miezi 20 ya matunzo yasiyolipwa si mali ya mtoto iliyobaki mfukoni mwa baba? Zakayo alipompokea Bwana nyumbani mwake hakusema tu kwamba asikitika. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mtoto wako hakudai mara nne. Adai mara moja.

Sasa twasema na baba ambaye kweli hana. Ndugu yetu, pengine kazi imekwisha, au ugonjwa umekuangusha, au mvua imekataa. Hapo usikimbie. Kukimbia humfanya asiyeweza afanane na asiyetaka, na mahakama itashindwa kuwatenganisha. Nenda mwenyewe kwa hakimu, ueleze, uombe kiasi kipunguzwe. Sheria yaruhusu amri kubadilishwa hali ya mtu inapobadilika. Lakini usijipunguzie mwenyewe kimya kimya, kwani malimbikizo yataendelea kuhesabiwa. Lipa kidogo ulicho nacho, na uweke ushahidi: stakabadhi, au kumbukumbu ya fedha zilizotumwa kwa simu. Debe la mahindi lenye shahidi ni bora kuliko ahadi ya maelfu. Na hata pasipo na fedha, nenda ukamwone mtoto. Baba anayelipa amri ya matunzo hakunyimwa na sheria nafasi ya kumtembelea mwanawe, wala mtoto hahitaji unga peke yake.

Kwa akina mama pia tuna neno, nalo twalisema kwa heshima, tukijua mzigo wanaoubeba. Matunzo ni ya mtoto. Yasitumiwe kulipiza kisasi cha ndoa iliyovunjika, wala mtoto asifungiwe ndani ili baba aumie. Mambo haya mawili hayafungwi kamba moja: baba asiyelipa apelekwe mahakamani, na mtoto anayetaka kumwona baba yake aruhusiwe. Na msimfundishe mtoto kumtukana baba yake kila jioni, maana amri ya nne yamhusu hata yeye, na siku moja atahitaji kusamehe. Lakini pia msione haya kudai. Mama anayekwenda mahakamani kwa ajili ya mtoto wake havunji amani ya Kikristo. Aliyeivunja ni aliyeacha kulipa.

Mwisho, yako mambo ambayo parokia zetu zaweza kufanya bila kungoja mtu. Sheria ya Ndoa huzipa jumuiya za dini nafasi ya kuwa na mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, na parokia kadhaa zinayo. Mabaraza hayo yanapowapatanisha watu, yasiishie kumwambia mama avumilie. Yaulize waziwazi mtoto atakula nini wiki hii na ada italipwa na nani, kisha yaandike jibu. Baraza likishindwa, limwonyeshe mama njia ya kwenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017, ambao huwahudumia wasio na fedha ya wakili. Makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waweza kumsindikiza hadi mlango wa mahakama, maana wengi hushindwa kwa hofu tu, kabla hata ya kuitwa jina. Na ikiwa wajua kwamba jirani yako anadaiwa chakula cha mtoto, usimpe nafasi ya kujificha nyuma yako. Mwendee kwanza wewe mwenyewe, faraghani, kama Injili inavyoagiza. Umwambie kwa upole lakini bila kuzungukazunguka. Wako wanaume ambao hawakuogopa samansi, lakini waliona aibu mbele ya ndugu mmoja aliyewapenda kiasi cha kuwaambia ukweli.

Ismaili alipowekwa chini ya kichaka jangwani, maji yakiwa yamekwisha, mama yake Hajiri alikaa mbali asimwone akifa. Kitabu cha Mwanzo chasimulia kwamba Mungu aliisikia sauti ya kijana. Hakuuliza kwanza kama mama yake alikuwa mke wa kwanza au mjakazi, alimwonyesha kisima. Mungu yule yule asikia hata leo. Hakimu aliyeketi mahakamani aweza kuwa njia ya kumfikishia mtoto maji, na kazi yake yatupasa kuiheshimu na kuisaidia. Lakini yampendeza Mungu zaidi baba anapoamka mwenyewe asubuhi, bila wito na bila dalali, akaupeleka unga kwa mwanawe. Mtakatifu Yosefu, aliyemlisha kwa jasho lake Mtoto ambaye hakumzaa, awaombee wote waliozaa, wakumbuke kulisha.